Droni ya Kwanza: Somo kwa Rubani Anayeanza





Ndugu msomaji, msimu wa mvua unapoingia, watu wa Bulembia huutazama mto Nyamwamba kwa wasiwasi. Mei 2013 mto huo ulifurika, ukasukuma mawe makubwa kutoka milimani, ukabomoa nyumba na madaraja na kuingia hadi ndani ya hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukarudia. Kila gharika huhamisha kingo za mto, na ramani iliyochorwa kabla yake haisemi tena ukweli wa mahali. Mwanafunzi wa jiografia, wa uhandisi au wa kompyuta anayetoka huku hujiuliza: hatuwezi sisi wenyewe kununua droni, tukaupiga picha mto wetu kutoka juu?

Tunaweza, inshaallah. Lakini wengi huanza na swali la "nichukue ipi?" kabla ya kujiuliza "ya kazi gani, kwa idhini ya nani, na nitaijua vipi?" Matokeo yake pesa za ada huishia kwenye kifaa kilichozuiliwa uwanja wa ndege au kilichonasa juu ya mkaratusi. Somo hili linayapanga maswali hayo kwa mfuatano wake.

1. Kazi kwanza, duka baadaye

Droni ziko za maumbo mawili makubwa. Zipo zenye mbawa, kama ndege ya kawaida: huenda mbali kwa betri moja, lakini haziwezi kusimama hewani, na zinahitaji nafasi pana ya kurukia na kutua. Zipo pia zenye propela nne au zaidi: hupaa wima, hutulia mahali pamoja na kutua kwenye uwanja mdogo, ila betri yake huisha mapema.

Tazama jinsi majirani zetu walivyochagua. Nchini Rwanda, kampuni ya Zipline ilianza Oktoba 2016 kupeleka damu hospitalini kwa droni zenye mbawa kutoka kituo cha Muhanga, kwa sababu kazi ilikuwa ya masafa marefu. Mwaka huohuo Zanzibar ilianza mradi wa kupiga picha visiwa vyote vya Unguja na Pemba. Kamisheni ya Ardhi ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Benki ya Dunia, wakatumia droni za eBee, ndege nyepesi zenye mbawa za povu gumu. Wanafunzi wa SUZA walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Eneo lilikuwa kubwa, kwa hiyo mbawa zilifaa.

Kazi yetu ni tofauti. Tunataka kupiga picha kipande cha mto ndani ya bonde jembamba, ambako pa kutulia ni kiwanja cha shule au barabara ya muramu. Hapo droni ya propela nne ndiyo inayofaa, na kwa mwanafunzi anayeanza ndiyo rahisi zaidi kujifunzia.

2. Kibali kabla ya malipo

Katika Uganda droni si kitu cha kununua leo na kurusha kesho. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda (UCAA) ndiyo inayosimamia urushaji wake, na vyombo vya ulinzi navyo vina neno katika kuingiza na kutumia droni nchini. Anayeagiza kutoka nje bila kibali, au anayemwomba ndugu aje nayo kwenye begi kutoka Dubai, ajue kwamba inaweza kuzuiliwa Entebbe.

Usidanganywe pia na video za marubani wa nchi nyingine. Ulaya na Marekani droni iliyo chini ya gramu 250 hupewa masharti mepesi, ndiyo maana watengenezaji huhimiza uzito wa gramu 249. Hilo ni la kwao. Hapa uliza UCAA, pokea jibu kwa maandishi, ulihifadhi.

Kwa sisi wa Kasese yapo mambo mawili zaidi. La kwanza, tumezungukwa na hifadhi: Malkia Elizabeth upande wa tambarare na Milima ya Rwenzori upande wa juu. Huruhusiwi kurusha droni ndani ya hifadhi bila ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA). La pili, Bwera na Mpondwe ni mpakani. Baada ya mauaji ya wanafunzi wa shule ya Lhubiriha, Mpondwe, Juni 2023, mlio usiojulikana angani unaweza kumtia hofu mzazi na kumfanya askari ashike silaha. Kwa hiyo hata ukiwa na kibali cha UCAA mkononi, mwendee mkuu wa polisi wa wilaya na mwenyekiti wa LC1 wa kijiji, uwaeleze siku, saa na kazi. Ukiona mlango mmoja umekataa, usirushe kwa siri. Mwislamu hutimiza ahadi na masharti, na kibali ni sharti.

3. Madaraja matatu ya droni ya mwanzo

Daraja la kwanza ni droni ndogo za kujifunzia, zisizo na GPS. Mfano ni Tello iliyotoka mwaka 2018 kwa dola 99: ina uzito wa gramu 80 hivi, hukaa hewani kwa takriban dakika 13, na mwanafunzi wa kompyuta anaweza kuiamrisha kwa Scratch au Python. Upepo kidogo tu huipeperusha, kwa hiyo mahali pake ni ukumbini. Kwa ramani haifai, ila kwa vidole vinavyojifunza ni mwalimu mzuri, na ikianguka hasara ni ndogo.

Daraja la pili ni droni ndogo zenye GPS na kamera iliyotulizwa. Mfano ni DJI Mini 2, iliyotoka Novemba 2020 kwa dola 449: gramu 249, dakika 31 hewani kwa hesabu ya mtengenezaji, na picha za megapikseli 12. Baadaye ilikuja Mini 4K ya bei ya chini zaidi. Bei hizo ni za Marekani. Hapa ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Ukiziachia rimoti, droni za daraja hili hutulia zenyewe mahali zilipo, na mawasiliano yakikatika hurudi zilikoanzia.

Daraja la tatu ni za kuunga mwenyewe kwa vipuri. Zinafundisha umeme, fizikia na subira, lakini huhitaji mtu wa kukuongoza, na mara nyingi hazina wa kuzizuia zisianguke unapokosea. Ni daraja la mwaka wa pili.

Ushauri wa somo hili: kila mwanafunzi ajifunze kwa daraja la kwanza, au kwa programu ya kompyuta inayoigiza urushaji, kisha jumuiya inunue kwa pamoja droni moja ya daraja la pili. Usianze na kubwa na ya ghali kwa kudhani itakufunika. Rubani anayeogopa hasara hukakamaa vidole, na mwenye vidole vilivyokakamaa huangusha.

4. Mambo saba ya kukagua kabla ya kutoa pesa

(a) Vipuri. Je, propela na betri zake zinapatikana Kampala? Droni isiyo na vipuri ni pambo la kabati.

(b) Betri. Nunua tatu, si moja. Dakika 31 za kwenye boksi zilipimwa bila upepo. Panga kazi yako kwa dakika 20 na urudi ukiwa na asilimia 30.

(c) Simu. Programu ya droni nyingi hutumia simu yako kama kioo. Hakikisha simu mliyonayo inaikubali kabla ya kununua.

(d) Safari zilizopangwa. Kwa kazi ya ramani inafaa droni iweze kufuata mistari uliyoichora mapema. Si kila droni ndogo hufanya hivyo. Uliza, na uoneshwe.

(e) Kamera iliyotulizwa kwa mota. Ile "inayotulizwa" kwa programu tu hupinda picha.

(f) Ukinunua iliyotumika, mwambie mwenyewe aifute kwenye akaunti yake mbele yako, airushe uone, kisha ukague betri. Betri iliyovimba usiichukue hata kwa bure.

(g) Jumla ya gharama. Weka pamoja droni, betri, propela za akiba, memori kadi, begi, kibali na mafunzo. Ikiwa droni peke yake imemaliza mfuko, chagua ya chini yake.

5. Hesabu: je, droni ndogo inatosha kwa Nyamwamba?

Tufanye hesabu badala ya kubahatisha. Chukua kamera kama ya Mini 2, yenye picha za pikseli 4000 kwa 3000. Ukiwa mita 100 juu ya ardhi, picha moja hufunika takriban mita 140 kwa mita 105. Gawa mita 140 kwa 4000: kila pikseli ni kama sentimita 3.5 za ardhi. Jiwe la ukubwa wa ndoo utaliona.

Ili programu iziunganishe picha kuwa ramani moja, lazima zifunikane: asilimia 70 ubavuni na asilimia 80 mbele. Basi umbali kati ya mstari na mstari ni asilimia 30 ya 140, yaani mita 42, na umbali kati ya picha na picha ni asilimia 20 ya 105, yaani mita 21.

Tuseme tunataka kipande cha mto chenye urefu wa mita 400 na upana wa mita 250, ambacho ni hekta 10. Tutahitaji mistari 7 ya mita 400, yaani mita 2,800, na kona za kama mita 250. Kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde ni dakika 10 hivi, na picha 140, moja kila sekunde 4. Betri moja inatosha na inabaki.

Picha hizo huunganishwa na OpenDroneMap, programu ya bure, na ramani inayotoka husomwa kwenye QGIS, nayo ya bure. Ukirudia kipande hichohicho baada ya kila msimu wa mvua, utaona ukingo umehama mita ngapi na ni nyumba zipi zimesogelewa. Kwa kazi hiyo gramu 249 zinatosha. Anayekuuzia kubwa kwa hoja ya "ramani" mwoneshe hesabu hii.

6. Bonde letu lina masharti yake

Droni husafirishwa na maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mashamba ya tambarare. Bulembia ni bonde, na mambo manne hubadilika.

Kwanza, kimo. Namba ya kimo unayoiona kwenye simu hupimwa kutoka ulipoanzia kuruka, si kutoka ardhi iliyo chini ya droni wakati huo. Ukianza kandokando ya mto na kuelekea mlimani, simu itaendelea kusema "mita 60" hata kama mteremko umebakiza mita 5. Na ukianza juu ukaelekea bondeni, utavuka futi 400, yaani mita 120, kikomo cha nchi nyingi, bila kujua. Katika hesabu ya ramani pia, ardhi inayopanda hupunguza kufunikana kwa picha. Ruka kwa vipande vinavyofuata mteremko.

Pili, njia ya kurudi. Droni inayopoteza mawasiliano hupanda hadi kimo ulichoiwekea, kisha hurudi kwa mstari ulionyooka. Ikiwa umeweka mita 30 na kati yako na droni kuna tuta lenye mikaratusi ya mita 40, itaugonga. Kabla ya kila safari tazama kizuizi kirefu kuliko vyote, uongeze mita 20.

Tatu, upepo. Mchana miteremko ikishapata joto, upepo hupanda mlima, jioni hushuka. Saa tulivu ni asubuhi. Ukishaswali Alfajiri na kunywa chai, mwanga unatosha, hewa imetulia, na mvua za alasiri bado. Kadiri unavyopanda hewa huwa nyepesi na propela hufanya kazi zaidi, kwa hiyo muda wa betri hupungua.

Nne, chuma. Kilembe ilichimbwa shaba kwa miongo, na majengo ya mgodi, reli na mabati bado yapo. Chuma hupotosha dira ya droni. Usiirekebishe dira juu ya zege lenye nondo wala karibu na gari. Nenda kiwanja cha udongo mtupu.

7. Kununua kwa pamoja: sharika na amana

Wanafunzi kumi wakichanga, droni inapatikana. Wasipoandikiana, ugomvi pia unapatikana. Droni ya pamoja ni sharika ya mali, kila mmoja ana fungu kwa kadiri ya alichotoa. Andikeni nani ametoa kiasi gani, nani anaitunza, na anayehitimu atauza fungu lake kwa bei gani. Qur'an, katika Surat al-Baqara aya ya 282, imetuelekeza kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Mali ya pamoja nayo inastahiki uangalifu huohuo.

Swali linalogawa vikundi ni hili: akiiangusha mmoja wetu, nani alipe? Kanuni ya wanazuoni ni kwamba aliyeshika amana halipi kilichoharibika bila uzembe wala kuvuka mipaka. Aliyeruka kwa idhini, betri imejaa, upepo umetulia, akapigwa na mwewe, hadaiwi. Aliyeruka kwenye upepo baada ya kukatazwa, au aliyempa binamu yake ajaribu harusini, amevuka mipaka naye atalipa. Andikeni mapema uzembe ni upi, ili siku ya ajali msihukumu kwa hasira. Na pesa zikipungua, ni bora kusubiri muhula mmoja kuliko kukopa kwa riba.

8. Kamera na faragha za watu

Hapa ndipo rubani Mwislamu anapojulikana. Surat al-Hujurat aya ya 12 imekataza kupelelezana, na Surat an-Nur aya ya 27 imetutaka tuombe idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu. Zamani ukuta wa makuti na ua wa matete vilitosha kumsitiri mama anayeoga au binti aliyevua ushungi. Kamera iliyo juu haizuiliwi na ua. Kuta hazikutangua amri. Ni sisi tuliopata njia ya kuzivuka.

Kwa hiyo: tangazeni siku ya kuruka msikitini, kanisani na sokoni. Rukeni kwa kimo cha ramani, si cha madirisha. Kamera itazame chini moja kwa moja. Ukiona umepiga ua wa mtu, kata sehemu hiyo kabla ya kushiriki ramani. Na usipige mazishi, wala waliokumbwa na mafuriko wakiwa kwenye msiba, kwa ajili ya kusambaza video. Mto ndio tuliokwenda kuupiga picha.

9. Mazoezi ya wiki nne

Karne ya 9, huko Cordoba, Abbas ibn Firnas alijivika manyoya na mbawa akajirusha. Mwanahistoria al-Maqqari anaeleza kwamba alipaa umbali fulani, lakini aliumia alipotua, kwa kuwa hakuzingatia kazi ya mkia katika kutua kwa ndege. Marubani wanaoanza hufanana hapo: wote hutamani kupaa, wachache hujifunza kutua.

Wiki ya kwanza: programu ya kompyuta tu. Katika rimoti nyingi mkono wa kushoto hupandisha, hushusha na kugeuza. Wa kulia hupeleka mbele, nyuma na pembeni.

Wiki ya pili: droni ndogo ukumbini. Paa, tulia sekunde 30, tua. Mara ishirini kwa siku.

Wiki ya tatu: igeuze ikutazame. Sasa kulia kwake ni kushoto kwako. Hapa ndipo wengi huangusha. Usitoke hatua hii hadi mikono ijue bila kufikiri.

Wiki ya nne: droni ya GPS kiwanjani, na mwenzako mmoja kazi yake ni kutazama anga na watu, si simu. Chora mraba, kisha nambari nane, kisha jaribu kurudi kwa dharura ukiwa karibu.

Baada ya kila siku andika daftarini: tarehe, mahali, upepo, betri, kilichoharibika. Betri usiziache zimejaa wala tupu kwa wiki nzima. Ziache nusu, mbali na jua na jiko. Ukisafiri kwa ndege, betri hukaa kwenye begi la mkononi.

Hitimisho

Ndugu zangu na dada zangu, Januari 2020 vijana wa Kiafrika walianza kufundishwa kazi hii katika chuo cha droni na takwimu kilichofunguliwa Lilongwe, Malawi, kwa msaada wa UNICEF. Elimu hii haiko mbali nasi. Aliye na ramani mpya ya Nyamwamba mkononi anaweza kumwonesha mzee wa kijiji, kabla ya mvua, mahali maji yatakapopitia. Hiyo ni faida kwa watu, na elimu yenye kuwafaa watu ni katika hazina bora anayoiacha mja.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Kikundi chenu kina kazi gani hasa, na ni droni ya umbo gani inayoifaa?
2. Rudieni hesabu ya sehemu ya 5 kwa kimo cha mita 60. Pikseli moja itakuwa sentimita ngapi, na mistari itakuwa mingapi?
3. Andikeni vipengele vitano vya mkataba wa droni ya pamoja, kikiwamo cha ajali.
4. Mkazi mmoja amekataa nyumba yake ipigwe picha, nayo iko katikati ya eneo la ramani. Mtafanyaje?